Kusoma fasihi ya kale kwa jicho la saikolojia ya mageuzi: maswali yanayorudi kila Jumamosi

Kikundi chetu cha kusoma hukutana Ibanda, hapa Bukavu, Jumamosi alasiri. Wengi wetu tulisomea fasihi kule lisé, tukakariri Molière na Racine, watunzi wa tamthilia wa Ufaransa, kwa ajili ya Egzetat, ule mtihani wa serikali, halafu tukawaweka kabatini. Tulipoanza kuwarudia kwa njia hii, kila mgeni aliingia na maswali yaleyale ya mgeni aliyemtangulia, mpaka mimi niliyekuwa mwalimu wa Kifaransa nikachoka kuyajibu kwa mdomo. Nimeyaandika hapa. Mengine yana jibu la mistari miwili kwa sababu hayadai zaidi.

## Ya kuanzia

Saikolojia ya mageuzi ni nini, kwa maneno ya kawaida?

Ni kuichunguza akili ya binadamu kama tunavyochunguza mkono wake: kitu kilichofinyangwa pole pole, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu kiliwasaidia wenyewe kuishi na kuacha wazao. Wahenga walioshtuka mtoto alipolia, waliomkumbuka mtu aliyewakopa akakimbia, waliochagua mwenzi kwa macho makali, waliacha wazao wengi kuliko wale wasiojali. Sisi ni wajukuu wa hao waliojali. Tumerithi huruma yao, wivu wao, na hasira yao ya kudhulumiwa.

Mzizi wa mawazo haya ni Charles Darwin, aliyechapisha nadharia yake mwaka 1859, kisha mwaka 1871 akaeleza jinsi uchaguzi wa wenzi unavyobadilisha viumbe. Karne moja baadaye William Hamilton (1964) alieleza kwa hesabu kwa nini kiumbe hujinyima kwa ajili ya ndugu. Robert Trivers akafuata na makala tatu: kusaidiana kwa wasio ndugu (1971), gharama ya kulea (1972), na ugomvi wa mzazi na mtoto (1974). Ukiwa na hao wawili umepata karibu vyombo vyote tunavyotumia hapa.

Angalia jambo moja ambalo wageni hulikosea sana. Hakuna anayesema kwamba mama anapomnyonyesha mtoto anapiga hesabu ya jeni, chembe za urithi. Hesabu, kama ipo, ilipigwa zamani. Kilichobaki kwa mama ni upendo, na ni upendo kweli.

Vitabu vinaingiaje humo?

Hebu ondoa ndani ya hadithi yoyote ya zamani nani kaolewa na nani, nani karithi, nani kamsaliti nani, mtoto ni wa nani. Kinabaki nini? Maelezo ya hali ya hewa.

Mtaalamu wa fasihi Joseph Carroll alitoa kitabu kizima juu ya njia hii mwaka 1995, na Brian Boyd wa New Zealand akaupeleka mjadala mbali zaidi mwaka 2009 kwa kumsoma Homer. Wote wawili walikuwa wamechoshwa na wahakiki waliosema kwamba binadamu ni maneno matupu na mwili hauna usemi.

Lazima nijue biolojia?

Hapana. Lazima uwe umesoma kitabu chenyewe, na hapo ndipo wengi hukwama.

Waandishi wa kale hawakumjua Darwin. Si tunawalisha maneno?

Tungewalisha kama tungesema Racine alikusudia biolojia. Hatusemi hivyo. Mvuvi wa sambaza pale ziwani hajasoma fizikia, lakini anajua taa ya usiku huwavuta samaki. Sophocles na Shakespeare waliwatazama watu kwa makini kuliko sisi. Nadharia imekuja nyuma yao kuuliza kwa nini walichokiona kinafanana, ingawa mmoja aliishi Athene na mwingine London, kati yao miaka elfu mbili.

## Damu, na nipe nikupe

Methali zetu hazikuyasema haya zamani?

Ziliyasema, na zikapingana. *Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe.* Hiyo ni Hamilton mtupu: rafiki wa mezani atakuacha, wa damu hatakuacha. Halafu bibi yuleyule, kesho yake, atakwambia *heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali*, na hiyo ni Trivers.

Nadharia inachoongeza ni kusema lini ipi ina nguvu. Kwa Hamilton, kujitoa kunalipa pale gharama yangu inapokuwa ndogo kuliko faida ya mwenzangu ikipimwa kwa ukaribu wa damu: ndugu wa baba na mama mmoja tunagawana nusu, binamu sehemu ya nane. Husimuliwa kwamba mwanabiolojia J. B. S. Haldane alitania kuwa angekufa maji kwa ajili ya ndugu wawili, au binamu wanane. Kwa Trivers, asiye ndugu husaidiwa iwapo mtaonana tena, mnakumbukana, na mdanganyifu anaweza kufukuzwa. Aliyewahi kuketi kwenye likelemba, ule mchango wa kupokezana kwa zamu, hahitaji somo hilo. Anajua jinsi macho yote yanavyomgeukia mama aliyepokea zamu ya kwanza akaanza kuugua kila siku ya kuchangia.

Kwa hiyo unapofungua kitabu, uliza kwanza: kati ya hawa wawili kinachowafunga ni damu au ni deni? Misiba mingi ya jukwaani inatokea pale mmoja anapodhani ni damu, mwenzake anajua ni deni.

Kwa nini mama wa kambo ni mbaya kwenye kila hadithi?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, maana katika chumba chochote cha watu ishirini hapa mjini wapo waliolelewa na mama wa kambo, na wapo akina mama wa kambo wenyewe.

Martin Daly na Margo Wilson, watafiti wa Kanada, walionyesha katika kitabu cha 1988 kwamba mtoto mdogo anayeishi na mzazi wa kambo yuko hatarini kuumizwa mara nyingi zaidi kuliko anayeishi na wazazi wake wa damu. Waliita hilo tatizo la Cendrillon, yule binti wa hadithi ya Perrault ya mwaka 1697 aliyeteswa na mama wa kambo. Lakini walisisitiza wenyewe kwamba wazazi wa kambo walio wengi hawamdhuru mtu. Tena utafiti wa Sweden wa mwaka 2000 haukuona tofauti waliyoitabiri, na ubishi ukaendelea.

Kuna pengo lingine ambalo mimi hulipenda. Takwimu hizo zilihusu hasa *baba* wa kambo, ilhali hadithi zinamlaumu *mama*. Ulaya ya zamani wanawake wengi walikufa kwa uzazi, waume wakaoa tena. Mama wa kambo ndiye aliyekuwa ndani ya nyumba. Halafu tazama ndugu Grimm: katika toleo lao la 1812, anayetaka kumwua Blanche-Neige, yule binti mzuri wa hadithi, ni mama yake mzazi. Katika toleo la 1819 amekuwa mama wa kambo. Wahariri walimbadilisha ili wasomaji wasione mama mzazi akiwa hivyo, na wasomaji wakameza bila kutafuna. Nadharia haituambii mama wa kambo ni mbaya. Inatuambia kwa nini uwongo huo ulikuwa mwepesi kuaminiwa, na hilo ni jambo tofauti kabisa.

Ukitaka mama wa kambo aliyeandikwa na mtu mzima, msome Phèdre wa Racine (1677), mke wa mfalme Thésée anayempenda Hippolyte, mwana wa mumewe. Shuleni tulifundishwa kwamba ni tamthilia ya mapenzi yaliyokatazwa, basi. Rudia kitendo cha kwanza. Habari zinaletwa kwamba Thésée amekufa, na papo hapo swali mjini ni nani atarithi: Hippolyte, Aricie, au mtoto wa Phèdre mwenyewe? Yaya wake Œnone anamshawishi aishi na azungumze na Hippolyte *kwa sababu ya huyo mtoto*. Nilifundisha tamthilia hiyo miaka mingi bila kumwona mtoto huyo. Hana hata sentensi moja jukwaani.

Rodrigue anaua kwa sababu ya kofi moja. Si upuuzi?

Ni upuuzi ukiwa na polisi wa kumwita. Katika Le Cid (1637), tamthilia ya Corneille, baba mzee wa Rodrigue kapigwa kofi, hana nguvu ya kuinua upanga, anamtuma kijana. Daly na Wilson wamechambua mauaji mengi ya kweli yaliyoanza na ugomvi wa namna hiyo, tusi au msukumo, na hoja yao ni kwamba pale ambapo hakuna wa kukulinda, sifa ya kutochezewa ndiyo ukuta wa nyumba yako. Corneille aliandika haya miaka kumi na mmoja baada ya amri ya 1626 iliyokataza watu kupigana kwa panga Ufaransa. Dola ilikuwa inawaambia wakuu: nyumba zenu zitalindwa na mfalme sasa. Watazamaji walishangilia kijana wa zamani.

Sioni haja ya kueleza kwa nini wasomaji wa Kivu huielewa tamthilia hii haraka.

## Mahari, wazazi na watoto

Kwa nini Harpagon anashangilia "bila mahari"? Si yeye ndiye angepokea?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na linaulizwa na wanafunzi werevu. Katika L'Avare (1668), tamthilia ya Molière, bahili Harpagon anataka kumwoza binti yake Élise kwa mzee Anselme, na sababu yake moja, anayoirudia mpaka ukumbi unacheka, ni kwamba mzee atamchukua bila mahari. Kijana wa Bushi anakuna kichwa: baba gani huyu anayefurahia kukosa ng'ombe?

Neno ni moja, njia ni mbili. Kwetu mali inatoka kwa mume kwenda ukweni. Katika Ufaransa ya Molière baba wa binti ndiye aliyetoa. Jamii nyingi zaidi duniani ambazo wanaanthropolojia wameziandika zinafuata njia kama yetu. Ile ya Molière ni ya wachache, na hupatikana sana kwenye jamii za mke mmoja zenye matajiri na maskini walio mbali mbali, ambako wazazi wa mabinti wanashindana kumpata mume tajiri mmoja. Ndiyo maana wakati kijana wa hapa anahangaika kutafuta ng'ombe, Élise anahangaika kwamba baba yake hatatoa kitu.

Na upande wa pili wa nyumba, Harpagon na mwanawe Cléante wanamtaka msichana mmoja, Mariane. Trivers alisema mzazi na mtoto wanagawana nusu tu ya damu, kwa hiyo nusu nyingine ni uwanja wa ugomvi. Molière alifika hapo kwa kuchekesha. Baba anamkopesha kijana asiyemjua kwa riba ya kunyonga, na kijana huyo ni mwanawe mwenyewe.

Baba Goriot alikosea wapi?

Mali kushuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto ndivyo nadharia inavyotarajia. Haipandi kwa urahisi. Goriot wa Balzac (1835), mtengeneza tambi aliyetajirika wakati wa Mapinduzi, anawapa mabinti wake wawili kila kitu na anakufa chumba cha kupanga. Kwenye maziko yanakuja magari yao ya farasi yenye nembo za familia, matupu.

Msomaji wa haraka husema: nadharia imethibitika. Mimi naona imekwama. Nadharia ingetarajia mzee afurahie wajukuu, na Goriot hawataji sana. Anataka kuona mabinti wamevaa vizuri, anasimama njiani kuwatazama wakipita. Hilo si kulea tena. Balzac alijua tofauti, na neno lake kwa Goriot ni la kidini zaidi: Kristo wa ubaba.

Na fasihi yetu? Au Darwin ni wa Wazungu tu?

Chukua Mwindo, utenzi wa Wanyanga wa Walikale, hapo juu yetu tu, Kivu Kaskazini. Msimuliaji Rureke aliuimba na kuusimulia mwaka 1956 kwa siku kumi na mbili. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969. Tumekaa nao Jumamosi tatu, na uliivunja nadharia mara mbili.

Chifu Shemwindo wa Tubondo anawaamuru wake zake saba wazae wasichana tu. Atakayezaa mvulana, mtoto atauawa. Sita wanazaa mabinti. Wa saba, mke mpendwa, anamzaa Mwindo, anayezaliwa akiwa anatembea na kusema. Baba anarusha mikuki ndani ya nyumba ya uzazi. Anamzika hai. Anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini.

Kundi zima lilisema: ugomvi wa mzazi na mtoto, tumeuona kwa Harpagon. Binti huleta ng'ombe, kijana huja kudai kiti. Sawa. Lakini Trivers na Dan Willard walitabiri mwaka 1973 kwamba mzazi mwenye hali nzuri anafaidika zaidi kwa watoto wa *kiume*, kwa kuwa mwana wa mkubwa anaweza kuoa wengi na kuacha wajukuu wengi. Chifu ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kuua mwana. Shemwindo anakwenda kinyume, na ajabu ni kwamba utenzi unamwona hivyohivyo: mtu aliyepotoka, ambaye lazima arudishwe kutoka kuzimu alikokimbilia, asimame mbele ya watu na kuungama.

Mara ya pili ni juu ya wasaidizi. Wapo wataalamu wanaoeleza nafasi ya mjomba kwa njia hii: mama hana shaka kuhusu mtoto wake, kwa hiyo kaka yake naye hana shaka, upande wa baba daima una kaalama ka kuuliza. Kweli, wajomba wa Mwindo, wale popo wahunzi, ndio wanaomvika mwili wa chuma. Lakini wa kwanza anayempokea, na anayefuatana naye mpaka vita, ni Iyangura, dada wa baba! Shangazi! Tena ndiye anayemdai Mwindo awafufue watu wa Tubondo baada ya ushindi, kwamba hawezi kutawala mji mtupu.

Mzee mmoja wa kikundi alinijibu kwa utulivu: "Mwalimu, shangazi ni baba wa kike. Huyo si msaidizi, huyo ndiye ukoo." Nimelifikiria jibu hilo kuliko makala nyingi nilizosoma. Jeni hazijui neno "baba wa kike", watu wanalijua.

Oedipus si mambo ya Freud?

Freud alisema kila mtoto anamtamani mama na tamthilia ya Sophocles ni ndoto yetu sote. Mfini Edvard Westermarck alikuwa amekwisha kusema kinyume mwaka 1891: waliokua pamoja tangu utotoni huchukiana kimapenzi bila kufundishwa. Ushahidi ulikuja baadaye. Joseph Shepher alipitia ndoa 2,769 za watu waliolelewa kwenye vijiji vya ushirika vya Israeli, na hakupata hata moja ya wawili waliokaa chumba kimoja cha watoto mfululizo kwa ile miaka sita ya mwanzo.

Sasa rudi kwa Sophocles. Oedipus alitupwa mlimani akiwa mchanga, akalelewa Korintho. Hakuwahi kumwona Jocasta, mama yake mzazi aliyekuja kumwoa bila kumjua, mpaka alipokuwa mwanamume mzima. Hadithi imeondoa kwa uangalifu kile kitu kimoja ambacho kingemzuia. Kama kila mtu anamtamani mama yake, kwa nini msimulizi alihitaji kumtoa mtoto nyumbani kwanza?

## Maswali magumu

Othello alikuwa na wivu wa asili, basi ana kosa gani?

David Buss na wenzake walidai mwaka 1992 kwamba wanaume huumizwa zaidi na usaliti wa mwili, wanawake na usaliti wa moyo, kwa sababu ya ile shaka ya ubaba. Wengine wamelipinga kwa namna maswali yalivyoulizwa. Mimi naona msaada mkubwa zaidi uko kwenye wazo jingine la Buss na Martie Haselton (2000): akili hukosea upande wa kosa rahisi. Nyani anayekimbia majani matupu mara kumi anaishi. Asiyekimbia chui mara moja hayupo. Wivu ni king'ora cha namna hiyo, kinalia hata pasipo moto.

Iago, ofisa wake mwongo, anakijua king'ora. Leso moja inatosha kumfanya Othello wa Shakespeare amwue mkewe asiye na kosa. Na tamthilia nzima inauliza bei ya kengele ya uongo analipa nani, maana Othello alihesabu gharama yake peke yake. Wazee wetu waliiona hatari hiyo wakaifunga kwa sheria ya maneno matatu: *kitanda hakizai haramu.* Aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye nyumba, kesi imekwisha. Swali la kosa limejibiwa zaidi chini ya lifuatalo.

Mkisema ubakaji na vita vya kugombea wanawake ni "asili", hamuwapi wauaji kisingizio?

Katika mji ambao Dk. Denis Mukwege alifanya kazi ya kuwatibu wanawake waliobakwa, iliyompatia Nobel ya Amani mwaka 2018, swali hili si la darasani. Akina mama wawili walitoka nje siku tulipolifikia, na walikuwa na haki.

Jibu la kawaida ni kwamba kilichopo si lazima kiwe ndicho kinachofaa; malaria nayo ni ya asili. Jibu ni sahihi, na halitoshi. Jonathan Gottschall aliandika mwaka 2008 kwamba vita vya Homer ni mashindano ya wanaume kwa ajili ya wanawake, na huwezi kukataa: Iliadi inaanza na Agamemnon kumnyang'anya Achilles mateka wake Briseis. Lakini kusoma hivyo, usipoangalia, unamhesabu Briseis kama Agamemnon anavyomhesabu. Nenda kitabu cha 19. Briseis anaongea. Anaulilia mwili wa Patroclus, rafiki wa Achilles, anasema alimwona mumewe akikatwa mbele ya mji, na ndugu zake watatu wa tumbo moja wakafa siku ileile. Homer alimpa mistari kumi na minne hivi, na ndani yake kuna vita vyote.

Kanuni yetu tangu siku hiyo: ukieleza faida aliyoipata mshindi, usikae kabla hujasoma kwa sauti maneno ya aliyeshindwa.

Mimi ni Mkatoliki. Mnanikataza imani?

Papa Pius wa Kumi na Mbili aliruhusu mwaka 1950 mageuzi ya mwili yajadiliwe, akisisitiza roho hutoka kwa Mungu. Yohane Paulo wa Pili alisema mwaka 1996 kwamba nadharia hii ni zaidi ya dhana tu. Makanisa mengine ya mjini yana msimamo tofauti, na wanakikundi wao hukaa nasi wakibisha. Hatujawahi kumfukuza mtu.

Kuna ushahidi gani, au ni hadithi juu ya hadithi?

Lawama hiyo ni ya zamani. Stephen Jay Gould na Richard Lewontin walionya mwaka 1979 kwamba si kila sifa ya kiumbe ina kazi. Nyingine ni masalio ya ujenzi, kama pembe tatu zinazobaki kati ya matao ya kanisa. Steven Pinker, ambaye ni wa kambi ya mageuzi, aliuita muziki keki mwaka 1997: utamu tu, hauna kazi.

Upande wa pili, Polly Wiessner alichapisha mwaka 2014 ulinganisho wa mazungumzo ya Wajuǀ'hoansi wa Kalahari. Mchana hadithi zilikuwa asilimia 6 ya maongezi, yaliyobaki kazi, utani na kusengenyana. Usiku kando ya moto hadithi zilifika asilimia 81. Na mwaka 2017 utafiti kwa wawindaji Waagta wa Ufilipino ulionyesha kwamba kambi zenye wasimulizi hodari zilishirikiana vizuri zaidi, na watu walipendelea kuishi na msimulizi kuliko na mwindaji stadi. Hilo lilishangiliwa sana kwetu.

Kwa vitabu vyenyewe, Carroll, Gottschall na wenzao waliwauliza wasomaji karibu 500 kuhusu wahusika 435 wa riwaya za Kiingereza za karne ya 19 (matokeo yalitoka 2012). Wahusika wema walikuwa wale wa kushirikiana, waovu wale wa kutaka ukubwa. Kazi nzuri, ila nikiri ningeweza kuwaambia hivyo bila dodoso.

Kumbuka pia onyo la Joseph Henrich na wenzake la 2010: asilimia 96 ya watu waliopimwa katika majarida makuu ya saikolojia walitoka nchi zenye asilimia 12 ya watu wa dunia. Ndiyo sababu jibu la mzee wetu juu ya shangazi si porojo ya pembeni. Ni data iliyokosekana.

Kuna kitabu kinachoishinda kabisa njia hii?

Antigone ya Sophocles. Binti huyo amemzika kaka yake Polynices kinyume cha amri, anapelekwa kufa, na hapo anasema jambo lililowasumbua wasomaji mpaka leo: asingefanya hivi kwa mume, wala kwa mtoto wake. Mume akifa ataolewa tena, mtoto akifa atazaa mwingine. Lakini baba na mama wakiwa kaburini, kaka hawezi kuzaliwa tena.

Kwa hesabu ya Hamilton, kaka na mtoto wana nusu sawa ya damu, na mtoto ndiye mwenye maisha mbele yake ya kuzaa. Kaka ambaye ni maiti hana kitu. Antigone anachagua vibaya kwa kila kipimo tulichotaja kwenye ukurasa huu. Mwandishi Mjerumani Goethe alikerwa na mistari hiyo kiasi cha kumwambia rafiki yake Eckermann mwaka 1827 kwamba angetoa mengi mtaalamu athibitishe haikuandikwa na Sophocles. Kwetu haikumshangaza mtu. Mama mmoja muuza sambaza alisema tu, "mzaliwa nawe," akaendelea kufunua kurasa.

Na hoja hiyo haikuzaliwa jukwaani. Herodotus anasimulia juu ya mke wa Intaphrenes, ambaye mumewe na wanaume wote wa nyumba walikamatwa na mfalme Dario wa Uajemi. Alilia mlangoni kila siku mpaka mfalme akamruhusu kumwokoa mmoja. Akamchagua kaka yake, kwa maneno karibu yaleyale ya Antigone. Dario akapendezwa na jibu, akampa kaka, akamwongezea mwana wake mkubwa. Wengine wote aliwaua.